Habib, Jamaa Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Barua imefika kwenye simu saa nne na robo asubuhi, nikiwa nampiga mteja picha ya pasipoti. Nimemkata paji la uso. Ameondoka hivyo hivyo, hajarudi kulalamika.

Nimo! Filamu yangu imo katika orodha ya mwisho. Tumebaki watano, watachaguliwa watatu. Watatu hao watapewa kamera, mwalimu, na mwaka mzima wa kuandaa filamu zao bila kumwambia mtu yeyote ainue kidevu. Miaka tisa sasa nimejiita mtengenezaji filamu. Miaka hiyo hiyo tisa Mama amewaambia watu wa kanisani kwamba mimi niko studio ya picha, akabadilisha mazungumzo.

Tangazo lao lilitaka miradi ya filamu "kuhusu jamaa, utambulisho na jamii". Nikaandika kuhusu jamaa. Jamaa mmoja anaitwa Habib, fundi wa friji, ana kibanda karibu na soko la samaki hapa Malindi. Jamaa mcheshi, huisemesha friji kabla ya kuifungua. Kurasa kumi na moja. Jamaa yangu Habib hivi, jamaa yangu Habib vile.

Kuna kitu kinanikereketa. Barua inasema jopo limeguswa na ujasiri wangu wa kuonyesha "jamaa moja yenye dini mbili". Nimeisoma mara saba. Dini mbili za nani?

Halafu jina la pili kwenye orodha ni Eugene. Huyu hupiga picha za arusi za hoteli za Watamu kwa droni, kutoka juu, ndiyo maana maarusi wake wote ni vipara. Mradi wake ni kuhusu ile njia ya mbao kwenye mikoko ya Dabaso. Amehoji kaa, nadhani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemuuliza dadangu Mumbua, kijanjajanja, neno "jamaa" maana yake nini. Mumbua amezaliwa hapa hapa Malindi, anafundisha chekechea, Kiswahili chake kimenyooka. Mimi nilipelekwa kwa nyanya yetu Mutomo nikiwa na miaka miwili, nikarudi nimemaliza kidato cha nne. Kule kwetu jamaa ni mwanamume yeyote uliyemsahau jina.

Akauliza nani asiyejua. Nikasema kuna mteja. Akasema mwambie mteja wako jamaa ni ndugu, watu wa ukoo mmoja, damu. Akaongeza kwamba watoto wake wa miaka minne wanalijua hilo.

Kwa hiyo nimeandika kurasa kumi na moja kuliarifu jopo kwamba Habib, mwana wa Mzee Mbaruk wa mtaa wa Shela hapa Malindi, watu wenye nyumba na mashamba na makaburi yao wenyewe, ni damu yangu. Mimi Kioko, Mkamba, mwimba besi kanisani.

Ningeweza kusema kweli. Nimelifikiria jambo hilo kwa dakika nne nzima. Ubaya wa kweli ni mmoja tu: mimi natoka kwenye orodha na Eugene anabaki.

Jioni nimejirekodi nikijitambulisha, ili nizoee. Simu haikutaka kusimama, nikaiegemeza kwenye kopo la Mama la kupimia mchele, lile la bati kuukuu lililofutika maandishi. Mama amekuja akalichukua katikati ya sentensi. Simu ikaanguka kifudifudi. Amesema kopo hilo si la mchezo. Vikombe viko sita kabatini, lakini Mama hupima mchele kwa kopo hilo tu. Mama ana mambo yake.

Jumatano, 8 Oktoba

Jopo limenipigia simu. Mwenyekiti wake ni Bi Zeina! Mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Anakaa Shela, nyumba ya tatu kutoka kwa Mzee Mbaruk. Nilimsalimia shikamoo mara mbili, akaitikia marahaba zote mbili.

Akasema amekaa mtaa ule miaka arobaini. Watu wa Mbaruk anawajua hadi babu wa mababu, na hajapata kusikia kwamba wana Mkamba. Haulizi kwa ubaya. Anataka tu kujua ujamaa wangu na Habib ni wa upande gani, kuumeni au kukeni.

Maneno hayo mawili siyajui. Nikasema pande zote mbili.

Nikaihamishia simu sikio la pili. Ndipo nikakumbuka msemo niliousikia kwa kinyozi, vijana wawili wakigombea zamu, mmoja akamwambia mwenziwe, kwani mimi nawe tumenyonya ziwa moja? Nikaona huo unafaa. Nikasema, "Bi Zeina, mimi na Habib tumenyonya ziwa moja." Nilikusudia kusema ni kama tumenyonya. Hiyo "kama" ilibaki mdomoni.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, ziwa la nani. Nikasema la Mama, kwa kuwa ndiye mama niliye naye.

Akasema, "Kumbe." Akaanza kukumbuka! Akasema Mama alikuwa mfanyakazi katika nyumba ile Habib alipozaliwa, na mimi nilikuwa mchanga mgongoni. Akasema marehemu Bi Raiya, mamake Habib, aliugua sana baada ya kujifungua, hajiwezi hata kuketi. Na yeye Bi Zeina, kwa macho yake, alimwona Mama barazani kwa ndani amempakata Habib, kajifunika leso. Ya manjano. Ana hakika ni ya manjano.

Uongo wangu umepata shahidi kabla sijaumaliza. Ameniambia Jumamosi ana shughuli ya watu, lakini Jumapili atakuja nyumbani kuzungumza na Mama. Nina siku tatu za kumtayarisha Mama. Mama hasemi uongo. Hata akiulizwa na mgeni kama chai ina sukari ya kutosha, husema haina.

Alhamisi, 9 Oktoba

Habib amebadilika. Nimepita kibandani kwake kumwambia kidogo kidogo, sikupata nafasi. Amenipokea kwa mikono miwili. Ameuliza hali ya Mama mara tatu. Ameuliza kama Mama anapenda halua, na kama mjomba wetu ni mtu mkali. Kesho anakwenda Mombasa kununua kanzu. Kanzu! Mtu anayeshinda na ovaroli yenye matundu.

Nikiwa pale, nani anatokea? Eugene, na daftari. Wakanong'onezana pembeni. Nilipouliza ni nini, Habib akasema ni mambo ya baadaye, akaona haya.

Nimeelewa mara moja. Eugene ameona njia ya mbao haitoshi, sasa anamtaka Habib wangu. Atamwonyesha kutoka juu, na kanzu mpya.

Nikaenda moja kwa moja kwa Damaris wa kwaya, muuza mboga. Nikamweleza, kwa siri, kwamba Habib alinyonya kwa Mama, sisi ni ndugu. Kumwambia Damaris jambo kwa siri ni sawa na kulibandika ukutani. Likishajulikana, Eugene hatathubutu kumgusa mtu wa familia yangu. Saa kumi habari zimenirudia kwenye foleni ya maji, zimenenepa: Habib ndiye aliyekuwa akishiba, mimi nikibakishiwa.

Mjomba Mutuku ameingia kutoka Mutomo bila kuitwa, amebeba koti la suti ndani ya mfuko wa nailoni. Amesema amekuja kwa ile shughuli. Kumbe mradi umefika hadi Mutomo! Nimemwambia asivunjike moyo, lakini bado sijampangia sehemu katika filamu. Amenitazama muda mrefu sana.

Mama anataka Jumamosi niende Kaloleni kumpelekea dada Nelly wa kanisani kifurushi. Amesisitiza niondoke mapema na nisirudi mapema. Mumbua naye ameingilia, amesema Kaloleni kuna hewa nzuri. Tangu lini Mumbua akajali ninavyovuta hewa? Hapa pana jambo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilitoka na kifurushi saa mbili asubuhi. Nilifika stendi, nikakaa, nikafikiri. Mama hajawahi kunifukuza nyumbani Jumamosi. Nikaona wazi kwamba jopo linakuja leo, kwa ghafla, bila mimi, ili wawahoji watu wangu peke yao. Nilikula mihogo ya kukaanga hadi saa tisa, nikarudi na kurasa zangu kumi na moja mkononi.

Mlangoni viatu vingi. Nikajua ni wao. Nikaingia.

Sebuleni amekaa Mzee Mbaruk na kofia yake ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, na nduguze wawili. Bi Zeina yuko kwenye kona, uso umempauka, anamtazama Mama kama aliyepotea njia. Sinia mbili zimefunikwa vitambaa. Mjomba yumo ndani ya koti. Mumbua haonekani, yuko chumba cha ndani. Mzee Mbaruk alikuwa anasema, kwa maneno ya taratibu, kwamba wamekuja na ombi. Nikafurahi mno. Mzee mzima anaomba kuingia katika filamu! Nikasema ombi limekubaliwa.

Wote wakanigeukia. Mjomba akafumba macho.

Ndipo Bi Zeina akasimama. Akaomba radhi. Akasema alialikwa afuatane nao bila kuambiwa nyumba, kwa kuwa posa haitangazwi kabla haijakubaliwa, na ameijua nyumba mlango ulipofunguliwa. Akasema kuna neno alilolisikia, na hawezi kulinyamazia mbele ya Mungu. Akaniomba nirudie nililomwambia Jumatano.

Posa? Neno hilo lilinipita sikioni, nikaliacha lipite. Nilijua ninaulizwa kuhusu mradi. Nikarudia yote, kwa sauti ya jukwaani. Ziwa moja, leso ya manjano, hata ile ya Damaris kwamba Habib alishiba mimi nikabakishiwa.

Chumba cha ndani kitu kikaanguka na kuvunjika.

Mzee Mbaruk alinieleza polepole, hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Akasema kwao mtoto akinyonya kwa mwanamke, amekuwa mwana wa mwanamke huyo. Watoto wa mwanamke huyo ni nduguze, kama wa tumbo moja, hawaoani kamwe. Leo alikuja kumposea Habib. Anayeposwa ni Mumbua. Kama nililosema ni kweli, basi amekuja kumposea kijana dada yake.

Nilikaa chini. Hapakuwa na kiti.

Nikamngoja Mama aseme hapana. Neno moja tu. Mama ambaye hawezi kudanganya kuhusu sukari! Mama akatazama sakafu. Midomo ikamcheza, neno halikutoka. Mzee Mbaruk akaikunja barua yake ya posa akairudisha mfukoni. Akasema hili si jambo la kukisia. Akamwomba Mama, kwa heshima zote, afike kwake Jumatatu aseme mbele ya Shekhe wa mtaa. Walipoondoka, sinia zilibaki mezani na hakuna aliyezifunua.

Jumapili, 12 Oktoba

Mumbua amenipa sentensi chache tu leo. Amesema ni miaka mitatu wanapendana, yeye na Habib. Mwaka mzima wamewabembeleza wazee, huku wa kanisa na kule wa msikiti, hadi wakakubali. Mimi nilifichwa kwa sababu jambo likiingia kwangu halikai siku mbili. Eugene alikuwa anaulizwa kama atapiga picha za arusi.

Nikamkiria yote. Jamaa, kuumeni, kinyozi. Akasema alijua ni uongo tangu nilipofungua mdomo. Shida ni kwamba uongo wangu hauwezi kufutwa na neno langu, maana neno langu halisimami hata likiegemezwa. Neno linalotakiwa ni la Mama. Na Mama hasemi.

Kanisani ikawa mbaya zaidi. Akina mama wa kwaya walimzunguka Mama wakimpongeza kwa moyo wake mwema. Mmoja akasema na yeye aliona. Mwaka huo alikuwa Machakos!

Mchana nimekwenda kwa Bi Zeina kusema kweli. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama mwalimu: je, nilisema uongo Jumatano, au ninasema uongo leo? Akasema hata hivyo leso aliiona mwenyewe, na macho yake hayakusoma filamu.

Sasa hofu niliyo nayo ni nyingine kabisa. Mama kwa nini hasemi? Huenda nimebuni kitu na kikawa kweli. Huenda Habib ni ndugu yangu, na mimi, kwa ajili ya kamera, nimevunja ndoa ambayo kweli haikufaa iwepo. Au haikuwa kweli na Mama anaogopa. Nimemuuliza mara mbili kupitia mlangoni. Amejibu kwamba amelala. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumekwenda Shela kwa tuktuk mbili. Mumbua hakukubali kukaa nami katika moja. Mama alikuwa na kikapu, kimefunikwa leso.

Mzee Mbaruk alitukaribisha kwa kahawa. Alikuwepo Shekhe, Bi Zeina, Mjomba na koti lake. Habib alisimama karibu na mlango akimtazama Mumbua, Mumbua akitazama mkeka. Shekhe akasema wote tungoje, Mama Kioko aseme kwa wakati wake.

Mama akatoa kopo. Lile la mchele. Akaliweka chini katikati ya watu.

Akasema mwaka ule Mutomo hakukuwa na kitu. Mvua mbili zilikuwa zimekosa. Alishuka Malindi kutafuta kazi, mimi nina miezi miwili, na maziwa yake yalikuwa yamekauka. Yalikauka kabisa, hakuwahi kuninyonyesha tena. Kule nyumbani mamake mkwe alikuwa amesema mwanamke asiyeweza kumlisha mwanawe ni mti mkavu. Neno hilo alilibeba miaka thelathini na mmoja na hakumwambia mtu, hata marehemu Baba. Ndiyo maana Jumamosi alishindwa kusema hapana. Ili aseme hakumnyonyesha Habib, ingembidi aseme na kwamba hakuninyonyesha mimi.

Bi Raiya naye alikuwa kitandani na homa, hana maziwa. Mzee Mbaruk alikuwa akinunua maziwa ya kopo kwa ajili ya mwanawe. Siku ya tatu Bi Raiya alinisikia ninavyolia, akamwita Mama, akamwambia kila atakapotengeneza chupa atengeneze mbili. Wasimwambie mtu, ni mambo yao wanawake wawili. Mama alikuwa akitulisha ndani ya leso ili asionekane na chupa mbili.

Bi Zeina akasema, taratibu, kwamba leso ilikuwa ya manjano. Mama akasema ndiyo, ilikuwa ya manjano.

Mzee Mbaruk alilichukua kopo akaligeuza geuza. Akasema siku zile alishangaa, mtoto mdogo vile anamaliza kopo kwa siku nne. Alidhani mwanawe ni mlafi. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Shekhe akasema hakuna kizuizi. Aliyetoa ushuhuda ndiye mwenye kujua, na maziwa ya kopo hayawafanyi watu kuwa ndugu. Mzee Mbaruk akasema, "Kisheria tu." Akainuka akammiminia Mama kahawa mwenyewe.

Nimelia. Naandika hivyo wazi, kwa kuwa daftari hili halisomi mtu. Nimemfanya mamangu atoe mbele ya watu kitu alichokificha tangu mimi mchanga, na alikificha kwa sababu yangu. Sijapata kuona aibu ya namna hiyo. Nimeapa ndani ya tuktuk kwamba sitasema uongo tena.

Tulipofika nyumbani nimemuuliza kama anaweza kuyarudia yale yote kesho, karibu na dirisha, kwenye mwanga mzuri. Amenijibu kwa Kikamba. Sitaandika alichosema.

Jumatano, 15 Oktoba

Posa imekubaliwa! Nikahi ni Ijumaa ya tarehe 7 Novemba msikitini, kisha karamu hapa kwetu alasiri. Mjomba amedai mbuzi watatu wa desturi yetu, Mzee Mbaruk amesema mbuzi si neno. Mimi nimepewa kazi moja siku hiyo: kusimama mlangoni kupokea wageni. Mumbua ameniandikia kwenye karatasi ninachoruhusiwa kusema. Ni neno moja, "Karibuni". Amelipigia mstari chini.

Bi Zeina amenipigia. Mradi wangu umefutwa, bila shaka. Lakini amesema ile habari ya kopo ndiyo hasa waliyokuwa wakiitafuta: watu wawili, dini mbili, kopo moja. Ananipa hadi Ijumaa. Kurasa mbili. Niandike kama ilivyokuwa, nisitie chumvi.

Nafasi ya pili! Watu wangapi hupata nafasi ya pili? Nitaandika kweli tupu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeandika kweli tupu. Ni fupi sana. Mwanamke mmoja yuko kitandani, mwingine anakoroga maziwa, basi. Mtu atakaa saa nzima kutazama hayo?

Nimeisoma mara tano, na kila nikiisoma namwona Eugene na droni yake juu angani. Nikatia mafuriko. Madogo tu. Maji yanaingia nyumba ya Mzee Mbaruk usiku, Mama anaogelea na watoto wawili, na kopo linaelea mbele yao likiwaongoza hadi msikitini, ambapo mchungaji wetu anawapokea. Hapo kuna utambulisho na jamii kwa pamoja. Huo si uongo, ni uandaaji.

Nimetuma saa kumi na moja kasorobo.

Jumanne, 21 Oktoba

Jibu la Bi Zeina, nalinakili lote: "Kopo halikuelea. Wasalaam."

Matokeo yametoka. Wa kwanza, mtu wa Kilifi nisiyemjua. Wa pili, Eugene na mikoko yake. Wa tatu, Mumbua! Bi Zeina alimwomba aandike ukurasa mmoja, akauandika kwa kalamu ya chekechea, jioni moja, akisubiri ugali uive. Na kwa kuwa hajui kamera, ameruhusiwa kuchagua mpiga picha. Amemchagua Eugene. Amesema tayari anakuja arusini, na anajua kunyamaza.

Nimekwenda jikoni kulitazama kopo. Nimeishi na filamu hiyo kabatini tangu nitoke shule, nikaifanya egemeo la simu. Mama amenikuta pale. Amenikabidhi kopo, akasema nipime mchele wa watu watano, Habib anakuja kula.

Jumapili, 2 Novemba

Nimejifunza. Nimekaa siku kumi na mbili nikijichunguza, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilichagua jopo la watu wa huku, wanaojua maneno mno.

Nimepata tangazo jingine, la Nairobi. Wao pia wanatafuta filamu zinazoandaliwa, kuhusu watu wa kawaida wa mtaani. Nimewatumia Habib! Kurasa zile zile kumi na moja, sikubadilisha hata nukta. Wamejibu kwa siku mbili, wamempenda, hasa pale anapoisemesha friji.

Wana sharti moja tu la kuudhi. Mhusika asiwe ndugu wala mkwe wa mwombaji. Wanasema hawataki watu kujipigia filamu za nyumbani. Na wanahakikisha wenyewe: watu wao wawili watakuwa Malindi Ijumaa hii, tarehe 7, alasiri, wamwone Habib mahali anapopatikana.

Alasiri hiyo Habib atapatikana sebuleni kwetu, na kanzu mpya, kando ya dadangu. Nimelifikiria kwa makini na sioni tatizo. Mlangoni niko mimi. Watu watakuwa wengi, wamevaa vizuri, hiyo ni jamii tosha. Wakiuliza nyumba ni ya nani, nitasema nami nimepita tu. Nimewajibu kwa neno moja, lile lile la karatasi ya Mumbua, ili nianze kulizoea.

Swali la mwisho kwenye fomu linauliza Habib ni nani kwangu. Safari hii sikutia chumvi, sikutia mafuriko. Nimeandika kweli, kwa ufupi, kama Bi Zeina alivyotaka.

Nimeandika: ni jamaa tu.